Tulipopima Memori kwa Mzani wa Dhahabu

Enzi zetu ukitaka kujua kitu kina thamani gani, hukuuliza bei wala jina lake. Uliuliza, "Kina gramu ngapi?" Nawaambia ninyi mliokulia Tarime pamoja nami, miaka ile dhahabu ilipowapandisha watu wazimu, maana wengine hawataniamini. Mwalimu wetu wa hesabu aliaga kwamba anakwenda msibani, akarudi baada ya wiki tatu na pikipiki. Wakati wa mapumziko tuliacha rede na kuruka kamba, tukakaa nyuma ya madarasa kuponda mawe kwa nyundo za kuiba nyumbani. Mwenzetu mmoja alimeza punje aliyodhani ni dhahabu, akafuatwa chooni na ukoo mzima kwa siku mbili. Niliona kwa macho yangu, na mpaka leo nikimkuta mtu huyo sokoni nashindwa kumtazama usoni.

Mnakumbuka baridi ya asubuhi? Ile ya kuvaa sweta ya shule juu ya gauni la kulalia na kukumbatia kikombe cha chai ya maziwa yenye harufu ya moshi. Jumamosi tulikunywa supu ya kichuri, ile ya utumbo wa ng'ombe na nyongo, chungu ya kukunja uso, na mzazi akisimama juu yako: "Kunywa, inasafisha damu." Watoto wa siku hizi ukiwapa kichuri wanaipiga picha kwanza, halafu wanaomba soda.

Mama alikuwa na chumba kimoja karibu na stendi, kimeandikwa ukutani kwa rangi nyekundu: TAIPU, FOTOKOPI, BARUA ZA AINA ZOTE. Wateja wengi walikuwa wachimbaji waliotaka kuwaandikia wake zao, na barua zote zilikuwa na ahadi ileile, kwamba mwezi ujao bila kukosa. Kwa miaka mingi alitumia mashine ya taipu iliyopiga kelele mpaka stendi. Kisha ikaja kompyuta, mtumba kutoka kwa binamu yetu Wambura aliyekuwa na duka ng'ambo ya Sirari, upande wa Kenya. Kuingia chumba cha kompyuta tulivua viatu. Mama aliifunika kwa kitambaa cha kufuma kama kitoto kichanga, na alikuwa na msemo wake: "Hiyo siyo redio. Usiiguse na mikono ya mafuta."

Ilikuwa nzito ya mwendo, lakini haikuwahi kuanguka, yaani kukwama katikati ya kazi. Nalisema hilo mapema kwa sababu ndilo tulilolisahau wote.

Mama akaambiwa dawa ya uzito ule ni kuongeza memori. Kwa wale ambao hawajawahi kuona boksi la kompyuta likifunguliwa, memori ni kijibao chembamba cha kijani, kinachochomekwa ndani, na upande wa chini kina meno ya rangi ya dhahabu. Hapo ndipo mashine inaposhikilia kazi unayoifanya sasa hivi, kabla hujaihifadhi. Tulikuwa nacho kimoja, nafasi ya pili ilikuwa wazi. Wambura akasema ana katoni nzima dukani kwake, twende tuchague wenyewe.

Sasa angalieni alichofanya mjomba Marwa. Huyu alikuwa mdogo wake mama, mnunuzi wa dhahabu, mwenye jino moja la dhahabu na mzani mdogo aliouweka ndani ya kiboksi cha mbao kilichofungwa kwa kitambaa chekundu. Aliuamini mzani ule kuliko alivyowaamini ndugu zake, na alisema hivyo mbele yetu: "Mzani hauna undugu." Mama alipochomoa memori yetu ili twende nayo kama sampuli, mjomba aliona yale meno ya dhahabu, macho yakamtoka. Akafunga safari pamoja nasi. Nilikuwa darasa la sita, nikabeba kiboksi cha mzani magotini hadi Sirari.

Dukani kwa Wambura mjomba alitandaza kitambaa chekundu juu ya kaunta. Akaweka memori yetu upande mmoja wa mzani, na upande wa pili akaanza kujaribu zile za kwenye katoni, moja baada ya nyingine, amebana pumzi. Watu wa duka la jirani wakaja kutazama. Kipande cha saba au cha nane, mzani ukasimama wima kabisa, ukatulia. Mjomba akatutazama wote kwa zamu. "Pacha," alisema. "Hawa ni pacha. Hata meno yao yanalingana, ishirini na nne karati." Tukapiga makofi. Nami nilipiga. Hakuna hata mmoja wetu, mama msomi wa kidato cha nne akiwemo, aliyegeuza vile vijibao kusoma maandishi madogo yaliyobandikwa mgongoni.

Ilichomekwa, ikaingia vizuri, mashine ikawaka na kuonyesha namba kubwa kuliko ya mwanzo. Mama aliimba pambio siku nzima.

Jumanne iliyofuata akaja Mzee Nyamhanga, mkubwa wa ukoo wa baba, na karatasi zilizokunjwa ndani ya kofia. Mgodi ulikuwa unapanuka kuelekea shamba la ukoo, na kamati ya kijiji ilitaka orodha ya makaburi yote yaliyomo. Iwe imetaipiwa, jina kwa jina, na alama ya kila kaburi. Jumatatu asubuhi iwe mezani. Kaburi lililo kwenye orodha lingehamishwa kwa heshima zake, na lile ambalo halimo lingefunikwa na kifusi, basi, milele. Mzee alikuwa na majina arobaini. Baba yangu alikuwa dereva wa lori, yuko safarini, kwa hiyo kazi yote ikawa ya mama.

"Mke wa Chacha," Mzee alisema, "nakuachia wazee wangu mkononi mwako."

"Nimepokea, baba," mama alijibu. Akafunika kikombe chake cha chai, akaanza.

Nilikuwa nimesimama nyuma yake kioo kilipogeuka bluu. Bluu yote, ghafla, na maandishi meupe ya Kiingereza kama tangazo la kifo. Moyo wangu ulifanya paa! Mama alibaki ameinua vidole hewani. Alipozima na kuwasha tena, hakukuwa na jina hata moja. Mtu aliyezoea mashine ya taipu hana tabia ya kuhifadhi-hifadhi. Kwake neno likishapigwa limekaa. Akaanza upya. Akafika mbali, ikaganda. Akaanza tena na safari hii akawa anahifadhi kila jina, kumbe alikuwa anahifadhi ugonjwa: faili lilipofunguliwa, nusu ya wazee wa Mzee Nyamhanga walikuwa wamegeuka alama za ajabu, vimraba na nyota na herufi zenye kofia. Mzee aliweka mkono kichwani. Aliuliza kwa sauti ya chini kama hao watu wamekufa mara ya pili.

Kila mtu akawa na lake. Jirani alisema ni umeme. Mwingine alisema ni vumbi la makarasha ya kusagia mawe, na kweli lilikuwa kila mahali, mpaka kwenye unga. Wapo walionong'ona kwamba kuna jina humo halitaki kuandikwa, na mama mmoja wa kwaya akaja kuiombea kompyuta akiwa ameishikilia kwa mikono miwili. Ikaganda katikati ya maombi. Fundi pekee wa mji alikuwa amekwenda Mwanza. Tulimpigia Wambura simu, akacheka.

"Aki dada, hiyo machine iko sawa kabisa. Toa hizo memory, zisugue hapo kwa meno na rubber ya mtoto wa shule, pole pole, halafu urudishe."

Nikatoa ufutio wangu. Mjomba Marwa aliposikia tunasugua, alikuja mbio kutoka ofisini kwake. "Mnafuta dhahabu na raba? Mna akili kweli?" Akataka tukung'ute makombo ya ufutio ndani ya karai, yasipotee. Tulikung'uta, haki ya Mungu. Tukazibadilisha nafasi, ya kulia ikaenda kushoto. Mashine ikaenda saa nzima, tukaanza kutabasamu, kisha bluu.

Hiyo ndiyo Alhamisi jioni mama alipoanguka mara ya nne. Nasema mama, maana kwa wakati huo sikuweza tena kumtenganisha na ile mashine. Alikuwa amefika mwisho kabisa wa orodha, nilimwona akivuta pumzi ndefu na kuandika kitu kifupi chini ya jina la arobaini. Kikaja kile kioo. Mama akalaza paji la uso juu ya kibodi akalia. Nilipigwa na butwaa. Huyu ni mwanamke ambaye wezi walibomoa duka lake akafagia vioo huku akitania. Niliingiwa na woga nisioujua jina, nikatoka nje nikasimama na viatu vyangu mkononi.

Ijumaa akaja mama mkubwa Ghati, dada yake mama, kutoka Kenyamonta. Kwa wasiomjua, alikuwa mjane aliyefundisha ng'ombe wa jembe, kazi ambayo wanaume wa kule walimcheka nayo hadi walipoanza kumletea madume yao walioshindikana. Alikuwa amekuja mjini kununua mnyororo wa plau. Alikaa kwenye benchi na chai yake, akatusikiliza tunavyobishana kuhusu umeme, vumbi na mapepo. Halafu akauliza, kwa hasira ya mtu aliyechoshwa na ujinga:

"Kabla ya huyu wa pili, mlikuwa mnaanguka?"

Tukatazamana.

"Hapana," mama alisema.

"Sasa mnamchapa nani?"

Mjomba akaleta habari ya mzani, kwamba wale ni pacha, uzito uleule hadi punje ya mwisho. Mama mkubwa alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Mura, mdogo wangu, madume wawili wanaweza kulingana kilo mpaka mchinjaji achanganyikiwe. Mimi siwafungi nira moja kwa unene. Namtembeza mmoja peke yake, namtembeza mwenzake peke yake, naangalia mwendo. Ukifunga mwenye haraka na mwenye pole, hakuna mgonjwa hapo, lakini plau itavunjika."

Mama aliinuka, akachomoa memori mpya, akaacha ile ya zamani. Akanikalisha mimi. "Taipu chochote, usiache mpaka nikuambie." Nilitaipu majina ya darasa zima kwa kidole kimoja, nyimbo za mchakamchaka, jedwali la mara kumi na mbili. Asubuhi nzima haikuanguka. Tukatoa ya zamani, tukaweka mpya peke yake. Mchana wote, haikuanguka. Mama akazirudisha zote mbili pamoja. Sikuwa nimemaliza hata ubeti wa kwanza wa wimbo wa taifa.

Bluu.

Hili ndilo lililonivunja akili nikiwa mtoto, na sijaona aibu kusema bado linanivunja: wote wawili walikuwa wazima. Hakukuwa na mbovu wa kumtupa. Ugonjwa ulikuwa katika kuwekwa pamoja tu.

Mama akavaa miwani, akavipeleka vijibao mlangoni penye jua, akavigeuza. Kwenye karatasi ndogo iliyobandikwa mgongoni, kimoja kilikuwa na namba 100. Kingine 133. Akampigia Wambura kumsomea. Tukasikia, "Ai! Hiyo ni speed, dada. Sikuangalia." Mwendo ulikuwa umeandikwa pale siku zote, kwa wino mweusi, wakati sisi tumebana pumzi tunatazama mzani. Mama mkubwa akainuka. Alichukua mnyororo wake akaenda kuwahi gari la Kenyamonta.

Jumamosi mama alitaipu na memori ya zamani peke yake, polepole, bila kuinua kichwa. Ile nyingine tulikusudia kuirudisha kwa Wambura. Mchana tukasikia harufu mbaya, harufu ya sufuria ya plastiki, kama ingekuwapo, iliyobandikwa motoni. Nikakimbilia uani. Mjomba Marwa alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko la mkaa, anachochea, na katikati ya moto yule pacha wake wa ishirini na nne karati anajikunja na kutoa moshi mweusi. Nilipiga yowe. Mama alitoka, akaona, akarudi kwenye orodha yake. Mjomba alisubiri moto upoe, akasaga lile jivu, akaliosha kwenye karai, akalipima. Mzani haukutikisika. Ni siku pekee niliyomwona akiufunga ule mzani bila kusema msemo wake.

Jumapili baada ya ibada Mzee Nyamhanga alikuja kuhakikisha. Printa ilitoa karatasi mbili, zikiwa na joto bado. Mzee hakutaka kusoma kimoyomoyo. Alisimama, akavua kofia, akaita jina moja moja kwa sauti, kama mwalimu na rejesta yake, na kila jina akatulia kidogo. Mama amekaa, mikono imebanwa katikati ya magoti. Mimi naweka vikombe mezani. Jina la arobaini likapita. Nilijua ndiyo mwisho, nikageuka kuchukua birika.

"Bhoke Chacha," Mzee akaita.

"Abee!" nikaitika.

Niliitika kama mtoto yeyote aliyelelewa vizuri anavyoitika akiitwa na mkubwa, nikageuka na birika langu. Mzee alikuwa ananitazama kama ameona mtu ametoka udongoni. Mama aliweka kiganja mdomoni. Nikasogea nikasoma mwenyewe: Namba 41. Bhoke Chacha. Miezi saba. Jiwe moja jeupe, chini ya mkonge. Lilikuwa jina langu, lote, halijakosewa hata herufi.

"Siyo wewe," mama alisema. "Ni dada yako. Alikutangulia. Ulipozaliwa nikakupa jina lake."

Miaka kumi na miwili, na sikuwahi kusikia! Mzee alikaa chini polepole. Alisema kwenye karatasi zake hakuandika watoto wachanga, hakuna aliyemwambia waandikwe. Mama akamjibu kwa adabu, lakini bila kuinamisha macho, jambo ambalo sikuwahi kuona mkwe akilifanya mbele ya mzee wa ukoo.

"Nilijua baba hukumwandika. Ndiyo maana nilimweka mwisho mwenyewe. Mara ya kwanza nilimzika kwa mikono yangu. Wiki hii mashine imenizikia mara nne."

Nikaelewa kile kitu kifupi cha Alhamisi jioni. Mzee Nyamhanga alikunja zile karatasi, akazitia ndani ya kofia, akavaa kofia. Mlangoni alisimama, akasema, "Namba arobaini na moja nitaisimamia mimi," akaenda. Na aliisimamia. Siku ya kuhamisha nilikuwepo, nikaona jiwe jeupe likiinuliwa, nikaona kisanduku kidogo kuliko kiboksi cha chaki cha mezani kwa mwalimu, au ndivyo macho yangu yalivyokiona. Shamba lile leo ni kilima cha kifusi. Mkonge haupo.

Siku hizi mwanangu ana simu mfukoni yenye memori kubwa kuliko kompyuta zote za Tarime ya enzi zetu zikikusanywa, na haijawahi kumwangukia. Juzi nilimwuliza jina la mama yake babu yake. Alitoa simu, akaanza kutafuta. Nilicheka, halafu sikucheka. Hawana kosa, hawajawahi kupoteza jina mara nne mfululizo wakaona mama akilaza uso kwenye kibodi. Wanadhani kilichoingia ndani kimekaa.

Mimi nina nakala ya zile karatasi mbili, wino umeanza kugeuka kahawia. Kila Krismasi tukikutana wote, kabla ya pilau, nasimama nawasomea watoto, jina moja moja, kama Mzee alivyosoma. Wananivumilia, wengine simu zikiwa chini ya meza. Nikifika arobaini na moja huwa nasita, na wao wanadhani ni machozi. Kumbe nazuia ulimi, maana mpaka leo, na mvi hizi, nikilisikia jina lile likiitwa nusura niitike.